Boti ya Florida kwenye gati la Mwanza: plagi ndiyo shida ndogo kuliko zote

SWALI: Shikamoo fundi. Nimenunua boti iliyotumika huko Florida, futi 32, ya mwaka 2006. Iko njiani, itashukia Dar es Salaam kisha ije Mwanza kwa trela. Ina plagi ya ampea 30 ile ya kuzungusha, viyoyozi viwili, friji, hita ya maji, chaja ya betri na jenereta. Gati langu liko upande wa Capri Point, na umeme wa TANESCO nimeshauvuta mpaka pale. Fundi mmoja kaniambia nikate ile plagi, niweke ya pini tatu za kwetu na ninunue transfoma ya kushusha volti, basi. Mwingine kaniambia niikate ethi, ule waya wa kwenda ardhini, ili boti isiliwe na kutu. Nataka pia niwe naenda Kisumu na Entebbe. Nifuate lipi?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na hongera kwa chombo. Nitajibu kwa urefu, maana kati ya hao wawili, wa kwanza atakuunguzia vifaa, na wa pili anaweza kukuulia mtu.

Nianze na la kukutoa hofu. Ndani ya boti yako kuna umeme wa aina mbili. Taa za safari, redio, GPS, pampu ya kutoa maji tumboni na stata ya injini, vyote vinakula volti 12 za betri, na betri haijui kama iko Florida au Kirumba. Siku boti itakapoteremshwa majini unaweza kwenda Ukerewe na kurudi bila kugusa waya wowote wa nchi kavu. Shida iko kwenye aina ya pili tu, mkondo geu, ule wa viyoyozi, hita na soketi za ndani.

Kule ilikotoka, soketi ya gatini hutoa volti 120 kwa hezi 60, yaani umeme wenye mizunguko 60 kila sekunde. Ya kwako inatoa volti 230 kwa hezi 50. Chukua hita ya maji peke yake. Hita ya wati 1,500 iliyotengenezwa kwa volti 120 ina ukinzani wa omu 9.6. Ipe volti 230, itavuta ampea 24 na kutoa zaidi ya wati 5,500 mahali palipojengwa kwa wati 1,500. Maji yatachemka upesi ajabu, kisha hita itaungua, na omba iungue peke yake.

Fundi wa kwanza analijua hilo, ndiyo maana kataja transfoma. Asilolijua ni kwamba transfoma inashusha volti tu; hezi zinatoka kama zilivyoingia. Kwa balbu na hita hilo si neno. Kwa mota ni neno kubwa. Kwanza mota ya hezi 60 ikipewa hezi 50 inazunguka polepole kwa moja ya sita. Pili, na hili ndilo linaloua, gawanya volti kwa hezi: aliyeitengeneza kompresa ya kiyoyozi chako aliipigia hesabu 120 kwa 60, yaani 2. Wewe unaipa 115 kwa 50, yaani 2.3. Hiyo asilimia 15 ya ziada inaingia kwenye chuma cha mota kama usumaku ambao hakikupimwa kuubeba. Chuma kikishashiba, koili inavuta mkondo zaidi ya kiasi chake na kuugeuza joto. Kompresa haitakufa siku hiyo. Itakufa baada ya miezi, muuzaji wa transfoma akiwa amekwisha kukusahau. Hata transfoma yenyewe, kama imetengenezwa kwa hezi 60 tu, itaunguruma na kuchemka kwa sababu hiyo hiyo.

Kuna jambo jingine linalomtega fundi wa nyumba akifungua sanduku la breka la boti ya Marekani. Huko waya mweusi ndio wa moto, mweupe ni nyutro, kijani ni ethi. Kwetu, kwenye nyumba zilizofungwa kwa mtindo wa zamani wa Kiingereza, mwekundu ndio wa moto na mweusi ni nyutro. Mtindo mpya ni kahawia na bluu, na ethi ni kijani chenye mistari ya njano. Sasa mtu aliyezoea nyekundu na nyeusi tangu anajifunza kazi akiona mweusi, mkono unaupeleka kwenye nyutro wenyewe. Na kwenye boti hiyo hiyo waya mweusi mwingine unaweza kuwa hasi ya volti 12. Breka nyingi ndogo za boti za Marekani hukata waya mmoja tu, ule wa moto. Nyaya zikigeuzwa, breka inakata nyutro na kifaa kinabaki na moto: umezima, lakini ukikigusa utajua hujazima. Ndiyo sababu kwenye paneli yako kuna taa ya kuonya kwamba nyaya zimegeuka. Ikiwaka, usiing'oe balbu kwa kuwa inakukera. Chomoa waya wa gatini kwanza, kisha utafute.

Sasa nije kwa fundi wa pili, wa kukata ethi. Hofu yake ina msingi: boti iliyounganishwa na nchi kavu kwa ethi inaweza kuliwa metali zake, na dawa yake ya kweli nitaieleza chini. Lakini dawa aliyokupa ni sumu.

Ndani ya boti yako waya wa kijani umeungwa na hasi ya betri, na hasi imeungwa na injini, na injini ina shafti na rafadha iliyo majini. Wamarekani wameunga hivyo makusudi. Siku hita ikipata ufa na umeme ukavuja, unarudi nchi kavu kupitia waya wa kijani na kinga inakata. Ukiukata huo waya, hakuna kinachokata. Injini, ngazi ya kupandia na rafadha vinakaa na volti 230, na umeme unaanza kutafuta njia ya kurudi kwenye transfoma ya TANESCO kupitia ziwa.

Na ziwa letu ni maji baridi. Hapo ndipo ushauri unaosomwa kwenye vitabu vya baharini unapoanza kupwaya. Maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri kuliko mwili wa mtu, kwa hiyo muogeleaji akiwa baharini sehemu kubwa ya mkondo humpita pembeni. Maji ya Victoria ni kinyume: yanapitisha umeme kwa shida, na mwili wenye damu ya chumvi unapitisha vizuri kuliko maji yanayouzunguka. Mkondo unamchagua mtu. Wala hauhitaji kuwa mwingi. Miliampea 10 hadi 15 zinatosha kukaza misuli ya mikono na miguu mpaka isiitike. Mtu anazama kimya, hana alama ya kuungua, na waliobaki gatini wanasema kaishiwa pumzi. Kisha mwenzake anaruka kumwokoa, naye anashikwa. Marekani vifo vya namna hii hutokea zaidi kwenye maziwa na mito kuliko baharini.

Wewe tazama tu maji ya kando ya gati lako jioni. Watoto wanaruka, kuna anayefua, kuna anayechota ndoo. Gati ni lako, maji si yako.

Hapa Mwanza tuna la ziada. Mji umekaa juu ya granaiti. Ukiliona Jiwe la Bismarck unajua chini ya miguu yetu kuna nini. Fimbo ya ethi inataka udongo wenye unyevu na kina, nasi mara nyingi inagonga mwamba kabla haijafika popote. Fundi anaikata iliyobaki, anafukia, anaondoka. Tuseme ethi hiyo ina ukinzani wa omu 50. Boti ikipata hitilafu, volti 230 zikigawanywa kwa 50 ni ampea 4.6. Breka yako ya ampea 16 haitashtuka, maana kwake huo ni mzigo mdogo. Itauacha upite hivyo usiku na mchana, na wa kwanza kulalamika atakuwa LUKU wako, kwa kuwa karibu uniti moja kila saa inaishia ardhini na ziwani.

Kwa hiyo breka ya kawaida peke yake gatini si kinga. Kinachohitajika ni ile breka ya kuvuja, inayouzwa madukani kwa jina la RCD, ya miliampea 30. Yenyewe haiangalii mzigo. Inalinganisha umeme uliokwenda na uliorudi, na tofauti ikifika miliampea 30 inakata ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Kwa ethi yako hiyo hiyo mbovu ya omu 50, miliampea 30 ni volti 1.5 tu kwenye chuma cha boti. Umeona tofauti. Usinunue ya miliampea 100 au 300 kwa sababu eti haisumbui kwa kujikatakata; hizo ni za kukinga nyumba na moto. Bonyeza kitufe chake cha majaribio kila mwezi, na isipokata, itupe.

Viwango vya kimataifa vya umeme wa magati, IEC 60364 sehemu ya 709, vinataka hivyo hivyo: kila soketi iwe na breka yake na RCD yake isiyozidi miliampea 30, soketi moja boti moja, na soketi iwe angalau mita moja juu ya kina cha juu kabisa cha maji. Gati likiwa la kuelea, sentimita 30 zinakubalika kama kuna kinga ya maji ya kurukaruka. Na usipimie maji ya leo. Mwaka 2020 ziwa lilipanda mpaka likameza magati na nyumba za pwani yake katika nchi zote tatu. Tafuta mstari wa mwaka ule ukutani kwako au kwa jirani, pima kutoka hapo kwenda juu. Kazi hiyo ya nchi kavu mpe fundi mwenye leseni ya EWURA, umwambie apime ukinzani wa ethi kwa kifaa na akuandikie namba. Ikibidi apige fimbo mbili tatu mbalimbali mpaka apate udongo.

Nimesema mengi ya kukataza. Sasa jinsi ambavyo ningeifunga boti yako kama ingekuwa yangu.

Umeme wa nchi kavu usiuruhusu ufike kabisa kwenye paneli ya volti 120. Uufikishe mahali pamoja tu: kwenye chaja ya betri. Chaja nyingi za kisasa za boti zinapokea volti 90 mpaka 265, hezi 45 mpaka 65, zote sawa kwake. Yenyewe inageuza chochote kilichokuja kuwa volti za betri. Kisha upande wa pili wa betri unaweka inveta inayotoa volti 120 kwa hezi 60, ya wimbi safi, na hiyo ndiyo inalisha soketi za ndani, maikrowevu na vidude vingine vya Kimarekani. Betri zinakuwa kama forodha: mgeni anaishia hapo, na kinachoingia ndani ni cha wenyeji. Wenye yoti wanaozunguka dunia wengi wamefikia hapo hapo, maana Japani wana volti 100, Saudi Arabia wana hezi 60, na Ulaya hezi 50, na hakuna anayetaka kubadili viyoyozi kila akivuka mpaka.

Faida ya pili ya mpango huu inakuhusu zaidi hapa kwetu. Chaja ya ampea 60 kwa betri za volti 12 inavuta karibu wati 1,000 tu, yaani ampea 4 na kitu za TANESCO. Huhitaji tena waya mnene wa kubeba wati 3,600. Umeme ukipungua jioni, chaja inavumilia. Ukikatika, taa ndani ya boti hazipepesi.

Friji yako ifungue uangalie nyuma. Nyingi za boti za Marekani zinatumia volti 12 na 120 zote mbili, kwa hiyo mwachie betri. Hita ndiyo peke yake inayoweza kuungana na chaja kwenye umeme wa nchi kavu: badilisha elementi uweke ya volti 230 yenye saketi yake peke yake na breka ya kukata nyaya mbili, au uiache kabisa, kwa kuwa boti nyingi za aina hiyo zinachemsha maji kwa joto la injini. Inveta ya wati 2,000 ikifanya kazi yote itavuta karibu ampea 200 kutoka betri za volti 12, basi waya zake ziwe fupi na nene, na fyuzi ikae karibu kabisa na betri. Hapo usibane pesa.

Viyoyozi ndivyo vinavyobaki, na sitakudanganya: inveta ya kawaida na betri za kawaida hazitavipeleka usiku kucha. Lakini unayo jenereta, nayo inatoa volti 120 kwa hezi 60 kama ilivyokuwa Florida. Ukivitaka, washa jenereta. Ikiwa ni ya petroli, mtu asiogelee nyuma ya boti inapofanya kazi. Moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyonusika. Tena nikuulize, viyoyozi viwili vya nini? Tuko mita 1,134 juu ya bahari, usiku upepo wa ziwa unaingia wenyewe. Nyavu nzuri za madirishani zitakufaa zaidi, wale wadudu wa ziwani wanaokuja kwa mawingu unawajua. Na viyoyozi vya boti hupozwa kwa maji ya ziwa, gugu maji likikaribia gati chujio linaziba kila mara.

Ukishika njia hii, nyutro na ethi ya paneli yako ya 120 zinaungwa pale inveta au jenereta inapotoa umeme, siyo penginepo. Kama siku moja mtu atakushawishi uurudishe umeme wa nchi kavu kwenye paneli, kumbuka sheria ambayo viwango vya umeme wa boti, ABYC E-11 ya Wamarekani na ISO 13297 ya kimataifa, vinakubaliana: boti ikilishwa na nchi kavu, nyutro na ethi haziungwi ndani ya boti. Zikiungwa, sehemu ya mkondo wako wa kila siku inarudi kwa njia ya maji bila hitilafu yoyote kuwepo. Njia pekee ya kuziunga ndani huku ukilishwa na nchi kavu ni transfoma ya kutenganisha, iliyoandikwa hezi 50, yenye uzito wa makumi ya kilo, na bado hezi hazitabadilika.

Plagi sasa. Ile ya kuzungusha ya ampea 30 ing'oe kabisa ubavuni. Imetengenezwa kwa volti 125 na haifai kubeba 230. Weka tundu la bluu la ampea 16, zile za viwandani za pini tatu za duara. Rangi ya bluu maana yake volti 200 hadi 250, na pini ya ethi imewekwa mahali pake ili plagi ya volti nyingine isiingie. Gatini weka soketi ya bluu vilevile, waya uwe wa mpira mzito wa milimita mraba 2.5. Plagi ya pini tatu bapa ni ya sebuleni.

Kisumu na Entebbe hazitakusumbua. Kenya na Uganda wanatumia volti 240 na hezi 50, na plagi ni hizi hizi za kwetu. Nisingesafiri nikitegemea kukuta soketi ya bluu, kwa hiyo beba kipande cha waya chenye soketi ya bluu upande mmoja na plagi ya kawaida upande wa pili, RCD ya kubeba ya miliampea 30, na kile kipimo kidogo cha taa tatu cha kukuonyesha kama soketi ina ethi na kama nyaya hazijageuka. Ukikuta soketi haina ethi, usichomeke. Lala na betri. Ukiunga, anza na upande wa boti, halafu nchi kavu. Ukitoa, anza na nchi kavu. Hivyo ncha unayoivusha juu ya maji haina moto kamwe.

Kutu: nunua aisoleta ya galvaniki, kisanduku chenye dayodi, uifunge kwenye waya wa ethi mara tu unapoingia botini. Inazuia vile vivolti vidogo vinavyokula metali, chini ya volti moja na nukta mbili hivi, lakini hitilafu ya kweli ikitokea inaupitisha mkondo wote. Ndicho alichokuwa anakitafuta fundi wako wa pili. Pia zile anodi ulizonunua nazo, vile vipande vya metali vinavyoliwa badala ya metali za boti, bila shaka ni za zinki, kwa sababu Florida ni chumvi. Kwenye maji baridi zinki inajifunika ganda na kulala. Weka za magnesiamu, nawe usiipeleke boti baharini nazo.

Radi zetu unazijua. Ziwa hili ni kati ya sehemu zenye radi nyingi duniani, na nyingi zinakuja usiku. Kinga ya volti za ghafla za radi iwepo kwenye sanduku la gatini, lakini wingu likianza kujenga, chomoa waya na uukunje. Chaja ni ghali kuliko usingizi wako.

Boti ikifika Dar es Salaam, kabla haijapanda trela, mwambie wakala apige picha kibandiko cha chaja. Kama kimeandikwa volti 100 hadi 240 na hezi 50/60, unayo tayari na umeokoa pesa. Kama kimeandikwa 120 na 60 tu, ing'oe hapo hapo ili mtu asiijaribu njiani. Nitumie na picha ya ndani ya sanduku la breka, kifuniko kikiwa wazi, rangi za nyaya zionekane vizuri, nikuambie upi ni upi kabla fundi hajaweka bisibisi.